Mpini wa kisu: mpingo, mninga, msaji au mwarobaini?

Kisu kizuri cha jikoni hakifi kwa makali, maana makali hunolewa. Kinachokiua ni mpini. Plastiki inapasuka, pini zinalegea, maji ya kuoshea vyombo yanapenya ndani na msuka, yaani sehemu ya chuma iliyo ndani ya mpini, unaanza kuliwa na kutu mahali usipopaona. Mwenye kisu anabaki na chuma kizima kilichofungwa mpira wa baiskeli. Mpini mpya wa mbao hutengenezwa nyumbani kwa siku chache, tena kwa zana za kawaida: msumeno wa chuma, keekee, tupa, jiliwa na msasa. Wengi hawakwami kwenye kazi yenyewe. Wanakwama kwenye mbao: waichukue ipi?

Hapa tunalinganisha nne ambazo mtu wa Afrika Mashariki anaweza kuzipata bila kuagiza mbali: mpingo, mninga, msaji (wengine huuita mtiki) na mwarobaini. Mvule tumeuacha nje kwa sababu vinyweleo vyake ni vikubwa na hushika uchafu wa jikoni, na mara nyingine ndani yake mna vijiwe vya chokaa vinavyong'oa meno ya msumeno. Kwa dirisha na fanicha ni mbao ya kuheshimika, ila kwa mpini mdogo ni usumbufu.

Kisu cha kupimia ni kile cha msuka bapa, ambacho chuma chake kinakwenda hadi mwisho wa mpini na mbao mbili zinakibana huku na huku. Tuziite mashavu. Kila shavu, kabla ya kuchongwa, ni milimita 120 kwa 30 kwa 10. Kisu cha msuka mwembamba, unaozama katikati ya kipande kimoja, kina tofauti chache, nazo zitatajwa zinapofika.

Vigezo

Cha kwanza ni kutulia, yaani mbao inajikunja, inanywea na kutanuka kiasi gani hali ya hewa inapobadilika. Mpini unaotanuka na kunywea hujiachanisha na chuma hata kama gundi ilikuwa bora. Cha pili ni uzito. Cha tatu ni namna mbao inavyokubali zana za nyumbani. Cha nne ni gundi na mafuta, kwa sababu si kila mbao inashikana na gundi ya epoksi kwa urahisi. Cha tano ni vumbi na afya ya anayechonga. Cha mwisho ni upatikanaji, bei na sheria.

Rangi haimo. Rangi ndiyo inayomvuta mtu dukani, lakini haijawahi kulegeza pini.

Kabla ya yote: ukavu

Mbao yoyote kati ya hizi nne ikiwekwa mbichi itakuaibisha, na mbao ya kawaida iliyokauka sawasawa itaishinda mbao ya kifahari iliyokatwa mwezi uliopita. Pwani, kwa unyevu wa Tanga, Mombasa au Unguja, mbao iliyotulia hubaki na maji ya takriban asilimia 14 hadi 16 ya uzito wake mkavu. Bara kukavu, kama Dodoma, hushuka hadi 10 au 12. Ndiyo maana mpini uliotengenezwa Mombasa ukipelekwa bara huonyesha ukingo wa chuma ukichomoza kwenye kona za mashavu. Chuma hakikukua, mbao ndiyo iliyonywea.

Kipimo cha unyevu si lazima. Kata mashavu makubwa kidogo kuliko unavyotaka, yapake nta kwenye ncha mbili, yaweke mahali penye hewa na kivuli, kisha yapime kila wiki kwa mizani ya kidijitali ya jikoni. Uzito usipobadilika kwa wiki tatu mfululizo, mbao imefika. Juani usianike. Uso hukauka kabla ya ndani, na ufa huanzia hapo.

Halafu chukua kiini tu. Ubao mweupe wa nje, karibu na gome, ni laini, unanyonya maji, na kwa mninga hasa ndio chakula cha wadudu wanaoacha unga mweupe kama wa sembe chini ya meza.

Kutulia

Hapa mninga unang'aa. Ni miongoni mwa mbao zinazonywea kidogo mno katika ukanda huu, na ukishakauka haujikunji. Ndiyo sababu mafundi wa milango huupenda, na ndiyo sababu kosa dogo la ukavu halikuadhibu sana ukiutumia. Mashavu ya mninga yanaweza kukaa sambamba na chuma miaka mingi bila ukingo kuchomoza.

Msaji unaufuata kwa karibu. Mafuta yake ya asili huzuia maji kuingia haraka, kwa hiyo hata kisu kikisahaulika ndani ya beseni saa nzima, mbao haivimbi papo hapo. Hili ni la msaji uliokomaa. Msaji mchanga uliopunguzwa shambani ukiwa na miaka michache una kiini chembamba na mafuta kidogo, na tabia yake si ileile.

Mwarobaini uko katikati. Nyuzi zake zimepishana, tabaka moja linaelekea huku na linalofuata kule, kwa hiyo kipande chembamba kinaweza kujipinda kidogo kikikaushwa haraka. Ponyo lake ni kukata mashavu milimita 13 badala ya 10, kuyaacha yajipinde yatakavyo hadi yakauke, kisha kuyasawazisha.

Mpingo ni mgumu, na wengi hudhani ugumu ni utulivu. Ukikauka hutulia vizuri, la sivyo usingetumika kutengenezea klarineti na zumari za Ulaya. Shida ni njia ya kufika huko. Maji hutoka ndani yake polepole mno, na vipande vya ala za muziki huachwa miaka kabla ya kufikishwa kwenye mashine. Kipande cha mpingo kilichokatwa majuzi kikiwekwa jikoni karibu na jiko la mkaa hupasuka kuanzia nchani, na ufa wa mpingo haurudi. Kama hujui kilikatwa lini, kichukulie kuwa kibichi.

Uzito

Mashavu mawili ya kipimo chetu yana sentimita za ujazo 72. Kwa mpingo, wenye kilo 1,200 hadi 1,300 kwa mita moja ya ujazo, hiyo ni takriban gramu 90 kabla ya kuchonga. Mninga na msaji, vilivyo karibu na kilo 600 hadi 650, vinatoa gramu 45 hivi. Mwarobaini, takriban kilo 700, unafika gramu 50. Ukichonga na kuviringisha, karibu theluthi moja inageuka vumbi, kwa hiyo tofauti halisi mkononi ni kama gramu 60 dhidi ya 30.

Gramu 30 ni kitu? Kwa kisu kizito cha kukatia nyama, ndiyo, tena kwa faida: chuma ni kizito mbele, na mpini wa mpingo unaurudisha uzito kiganjani, kisu hakichoshi. Kwa kisu chembamba cha kumenyea viazi, gramu hizo zinakifanya kiangukie nyuma kila unapokilegeza. Weka kisu juu ya kidole pale chuma kinapokutana na mpini. Kikilala upande wa mpini na ni kisu kidogo, mpingo umekipita.

Kukata, kutoboa, kuchonga

Mninga ndio rafiki wa anayeanza. Unakatika kwa msumeno wa kawaida, unapigwa randa bila kung'ang'ana, tupa inaacha uso laini, na msasa namba 240 tayari unaonyesha mng'ao. Kosa dogo hurekebishika kwa kusugua dakika mbili.

Msaji nao hukatika vizuri, ila una chembe za silika zinazokula makali. Utaona patasi iliyonolewa asubuhi haikati mchana. Kwa mashavu mawili si tatizo. Kwa mtu anayetengeneza mipini 20 ya kuuza, ni gharama ya kunoa na ya kubadilisha majani ya msumeno. Tena msaji una tabia ya kumegeka kwenye kingo: ukitoboa bila kuweka ubao chakavu chini yake, tundu la kutokea litamegeka kama biskuti.

Mwarobaini hukubali msumeno na keekee, lakini huikataa randa. Kwa sababu ya nyuzi kupishana, randa inang'oa vipande upande mmoja na kulainisha upande wa pili. Iache randa. Sawazisha kwa msasa namba 80 uliobandikwa juu ya kipande cha kioo au kigae, na chonga kwa tupa. Usitegemee mng'ao wa kioo. Mwarobaini unaishia kwenye ulaini mkavu, usioteleza. Kwa anayeshika samaki wabichi, mpini usioteleza ni neema.

Mpingo unataka uuchukulie kama chuma. Msumeno wa mbao utaungua na kunuka. Msumeno wa chuma wenye meno madogo hukata polepole lakini safi. Tupa ya chuma hufanya kazi kuliko ya mbao. Kutoboa ndiko kunakovunja mioyo: joto la keekee linajikusanya, mbao haipitishi, ufa unatokea kati ya tundu na ukingo. Tumia ncha kali, mwendo wa polepole, ingia milimita 3, toa, safisha unga, subiri ipoe, ingia tena. Tundu liwe angalau milimita 8 kutoka ukingoni. Malipo yake ni ukali wa mistari: kona iliyochongwa kwenye mpingo hubaki kona, haimumunyuki kwa matumizi.

Kwa mbao zote nne, utaratibu wa kutoboa ni mmoja. Bana shavu la kwanza kwenye msuka, toboa kwa kupitia matundu ya msuka. Chomeka pini za muda. Geuza, bana shavu la pili, toboa kwa kupitia matundu yaleyale kutoka upande wa kwanza. Anayetoboa kila shavu peke yake kwa kupima kwa rula atapishana kwa milimita moja, na milimita moja hapa ni nyingi kuliko inavyosikika.

Pini nzuri na rahisi kupata ni fimbo za shaba ya njano wanazotumia mafundi wa kuchomelea kwa gesi, za unene wa milimita 3 hivi. Chagua zisizo na dawa ya kuchomelea juu yake, au ikwangue yote. Tatu zinatosha kwa mpini wa sentimita 12. Pini iingie kwa kusukumwa na kidole. Kuigonga kwa nyundo ili ifure kichwa ni desturi ya mapanga, na mninga na mwarobaini huvumilia kugongwa kidogo. Msaji huvumilia kwa mashaka. Mpingo usiugonge kabisa.

Kwa msuka mwembamba, tofauti ni kwamba unatoboa kwa urefu: matundu mawili au matatu yaliyopangana, kisha unayaunganisha kwa tupa nyembamba hadi msuka uingie. Kufanya hivyo kwenye mpingo ni kazi ya mchana mzima. Kwenye mninga ni nusu saa.

Gundi

Gundi ni epoksi ya mirija miwili, ile inayokauka polepole kwa saa kadhaa na kukomaa baada ya saa 24. Ile ya dakika tano ina haraka nzuri lakini hulainika mapema kwa maji moto. Changanya kwa uwiano ulioandikwa kwenye pakiti, koroga dakika mbili kamili, na upake pande zote, mbao na chuma.

Msaji ndio unaowaangusha wengi. Mafuta yale yanayoulinda na maji ndiyo yanayoikataa gundi. Unaunganisha leo, miezi mitatu baadaye shavu linabanduka likiwa safi kabisa, epoksi yote imebaki kwenye chuma. Dawa yake ina hatua tatu, na mpangilio wake usivunjwe: sugua uso wa ndani kwa msasa namba 80 ili upate uso mpya, ufute kwa kitambaa cheupe chenye asetoni, ukibadilisha kitambaa hadi kisitoke na rangi ya kahawia, kisha, asetoni ikishakauka, unganisha ndani ya saa moja. Ukilala na kuunganisha kesho, mafuta yatakuwa yamerudi juu.

Mpingo una shida ya aina hiyo kwa kiasi kidogo, ila shida yake kubwa ni ulaini wa uso: hauna vinyweleo vya gundi kushikilia. Usiung'arishe upande wa ndani. Msasa namba 80, asetoni mara moja, na michirizo michache ya msumeno wa chuma yenye kina cha nusu milimita, isifike ukingoni.

Mninga na mwarobaini hushika bila masharti. Vumbi lifutwe, basi.

Kosa la wote ni kubana mno. Jiliwa ikikazwa kwa nguvu zote, gundi yote inatoka nje na ndani pabaki pakavu. Kaza mpaka uone mstari mwembamba wa gundi ukitokeza pande zote, uishie hapo. Futa gundi iliyotokea upande wa makali kwa kitambaa chenye asetoni kabla haijakauka, kwa sababu pale hutaweza kuifikia kwa tupa baadaye. Na makali yenyewe yafungwe gazeti na utepe tangu mwanzo wa kazi. Wanaokatika mikono katika shughuli hii mara nyingi hukatwa na kisu chenyewe, si na msumeno.

Wakati wa kusugua umbo la mwisho, hasa kwa mashine, angalia pini. Shaba hupata moto upesi. Ikiwa huwezi kuigusa, basi epoksi iliyoizunguka imeshaanza kulainika na mbao itabaki na pete nyeusi.

Mafuta ya kumalizia

Mafuta ya kitani ndiyo ya kawaida. Mafuta ya kupikia usiyatumie: ya alizeti hunata na kuchacha, ya nazi hung'arisha siku moja na hayakauki kamwe. Mninga na mwarobaini vinahitaji mikono mitatu ya kitani, myembamba, kila mmoja ukifutwa ziada baada ya dakika 15 hadi 20 na kuachwa siku nzima. Kabla ya mkono wa kwanza, lowesha mpini kwa kitambaa chenye maji, uache ukauke, na usugue tena kwa namba 240. Nyuzi zitakazosimama zisimamie hapo, zisisimame siku ya kwanza ya kuosha vyombo.

Msaji unapokea mafuta lakini unachelewa kuyakausha. Mkono mmoja au miwili inatosha, na ukiuacha bila chochote pia hauharibiki upesi. Mpingo haunywi. Mafuta yatabaki juu yakinata. Upeleke hadi msasa namba 800 au 1,000, kisha nta: sehemu moja ya nta ya nyuki kwa sehemu nne za mafuta ya kitani kwa uzito, ziyeyushwe kwenye kikopo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji moto. Paka kidogo, sugua kwa kitambaa cha pamba.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikirundikwa pamoja hujipasha moto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandaze kimoja kimoja nje hadi vikauke viwe vigumu, au vizamishe kwenye maji. Hili si la kutishana.

Vumbi

Barakoa ni lazima kwa mbao zote, kwa kuwa vumbi la mbao likivutwa miaka mingi limethibitishwa kusababisha saratani ya pua. Tofauti ni katika madhara ya haraka. Mpingo na msaji huwasha ngozi ya baadhi ya watu, na mtu anaweza kuufanyia kazi mara kumi salama kisha mara ya kumi na moja akatoka vipele. Mninga hushambulia zaidi pua na kifua, na mwenye pumu auepuke au achonge kwa mkono na msasa uliolowa. Mwarobaini una harufu kali ikichongwa na huwasha macho ya wengine. Uchungu wake, ambao huwatia watu hofu ya chakula, haufiki kwenye nyama: kinachogusa nyama ni chuma.

Kupata, bei na sheria

Mwarobaini ndio rahisi kuliko yote. Umejaa pwani nzima, matawi yake hukatwa kila mwaka yasiguse nyaya, na tawi la unene wa sentimita 15 lina kiini cha kutosha mipini kadhaa. Wachongaji wengi wa vinyago wa pwani ya Kenya waliugeukia mwarobaini baada ya mpingo na muhugu, mbao nyingine ya vinyago, kuanza kuwa adimu, kwa hiyo si mbao ya kujaribia.

Msaji uliletwa Tanzania na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na leo una mashamba makubwa kama Longuza huko Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro. Kwa kuwa ni wa kupandwa, hauna lawama ya misitu ya asili. Uliza umri wa mti, na angalia rangi: kiini chenye dhahabu na kahawia, chenye mguso wa nta ukikisugua kwa kidole.

Mninga ni wa misitu ya miombo, na bei yake ya ubao mzima si ya mchezo. Usinunue ubao mzima. Mabaki ya karakana za fanicha, kama za Keko jijini Dar es Salaam, yana vipande vya urefu wa sentimita 15 hadi 30 ambavyo kwa fundi wa kabati ni kuni. Faida ya pili ni kwamba vimeshakaa karakanani na kukauka.

Mpingo, mti wa taifa wa Tanzania, hupatikana kama mabaki kwa wachongaji, kwa mfano Mwenge, Dar es Salaam. Jihadhari na mpingo wa dawa ya viatu: mbao nyepesi iliyopakwa rangi nyeusi. Kwangua sehemu iliyofichika kwa ncha ya kisu. Mpingo ni mweusi au zambarau iliyoiva hadi ndani, na kipande chake huzama majini. Kuzama peke yake hakuthibitishi, kuelea kunakanusha.

Kuhusu sheria, usikate mpingo wala mninga porini bila kibali. Unaponunua mbao kwa wingi Tanzania, dai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Mpingo, pamoja na jamii yake yote, umo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, na mninga wa Afrika uliingia 2023. Anayetaka kumpelekea ndugu aliye Muscat au Toronto kisu cha mpini huo aulize masharti kabla ya kufunga mzigo. Msaji wa shambani na mwarobaini havimo katika orodha hiyo.

Kwa jicho moja

| | Mpingo | Mninga | Msaji | Mwarobaini |
|---|---|---|---|---|
| Kutulia ukikauka | Vizuri, ila hukauka kwa miaka | Vizuri sana | Vizuri sana | Wastani |
| Mashavu ghafi | gramu 90 | gramu 45 | gramu 45 | gramu 50 |
| Kuchonga | Kama chuma | Rahisi | Rahisi, hula makali | Usipige randa |
| Gundi | Uso ukwaruzwe | Haisumbui | Asetoni, ndani ya saa moja | Haisumbui |
| Kumalizia | Nta | Kitani mara 3 | Kitani mara 1–2 | Kitani mara 3 |
| Kupata | Mabaki, ghali | Mabaki ya fanicha | Mashamba | Popote pwani |

Hali yako ni ipi

Mpini wako wa kwanza, na una kisu kimoja tu cha kukosea: mninga wa mabaki au mwarobaini wa jirani. Kati ya hivyo viwili, mninga kama umekwishakaushwa karakanani. Mwarobaini kama unaweza kusubiri miezi michache na hutaki kutoa pesa. Mwenye pumu auepuke mninga.

Kisu kinaishi majini, kwa muuza samaki au mama lishe anayeosha vyombo mara kumi kwa siku: msaji uliokomaa, mradi hatua za asetoni zifuatwe. Usipokuwa na asetoni wala namna ya kuipata, mwarobaini wenye kitani mara tatu utadumu kuliko msaji uliounganishwa ovyo. Ulaini wake usioteleza ni nyongeza.

Kisu kizito cha bucha, au kisu cha zawadi ya harusi kinachotakiwa kuonekana: mpingo, ukiwa na uhakika wa miaka yake na keekee isiyo na haraka. Kama kipande kina hata ufa mdogo nchani, kata sentimita 2 kupita mwisho wa ufa kabla ya kuamini kilichobaki.

Kisu cha msuka mwembamba: mninga, isipokuwa kama una muda wa kuchimba mpingo.

Kisu kinachohama, kimetengenezwa pwani kikaishi Dodoma au kinyume chake: mninga kwanza, msaji pili. Mbao yoyote utakayochukua, iache wiki nne katika mji ambako kisu kitatumika kabla hujaigusa kwa gundi.

Mipini mingi ya kuuza: hesabu muda na majani ya msumeno. Mwarobaini una malighafi ya karibu bure lakini ukaushaji mrefu. Msaji una malighafi ya uhakika lakini hatua ya ziada ya gundi kwa kila kipande. Mninga una kasi, ila mabaki hayafanani, na mteja anayetaka visu sita vinavyofanana atakusumbua. Mpingo kwa wingi unahitaji karatasi nyingi kuliko msasa.

Panga na jembe ni habari nyingine. Huko mpini unapigwa, haushikwi tu, na mpingo na msaji havifai kwa sababu hupasuka kwa mshtuko. Kati ya mbili zinazobaki chukua mwarobaini, wenye nyuzi zilizopishana zinazokataa kupasuliwa, na hapo pini zigongwe vichwa.